Msimu wa Kupewa Mkono

Jumatatu, 19 Novemba

Nimerudi kwenye aproni ya chungwa. Huu ni msimu wangu wa tano katika duka hili la vifaa vya shule, na msimamizi amenipokea kwa mikono miwili, eti karibu nyumbani. Nyumbani gani ambako mtu anatolewa nje kila mwezi wa kwanza?

Niyaandike yalivyo, maana mwaka jana nilimeza kila kitu na mpaka leo kimenikaa kooni. Wenye aproni za bluu wameajiriwa. Sisi wa chungwa ni wa msimu. Tunachukuliwa wazazi wanapoanza kununua sare, mabegi na viatu, na shule zikishafunguliwa tunapangwa mstari kwenye mlango wa nyuma. Msimamizi anapita akitupa mkono, mmoja mmoja. Ukipewa mkono, ndiyo kwaheri. Akikuruka, umebaki, na kesho yake unavishwa bluu. Dukani hakuna anayesema "kufukuzwa". Tunasema fulani kapewa mkono. Mimi nimeshapewa minne, na wa mwaka jana ulikuwa na jasho.

Msimamizi tunamwita Subira. Ukimuuliza habari ya kuajiriwa, anakuwekea kiganja begani na kusema, "Subira yavuta heri." Sijawahi kuiona hiyo heri yenyewe. Nimeona mwaka wangu wa kwanza akimruka mtu mmoja tu, binamu ya keshia. Lakini aliruka, kwa hiyo inawezekana, na hapo ndipo aliponinasa.

Jumanne, 20 Novemba

Joto. Nimepangiwa viatu tena, upande wa wavulana. Upande wa wasichana kapewa mwanamke mmoja ambaye huu ni msimu wake wa pili tu, mwembamba, mwenye miwani mikubwa. Mwaka jana alikuwa mabegi. Nimeambiwa nimfundishe.

Nikamfundisha. Kwenye rafu tunaweka viatu vya mguu wa kushoto tu, kwa sababu mwizi hana haja na kiatu kimoja. Vya kulia vinakaa stoo, kila kimoja ndani ya boksi lake lenye namba, na boksi linafungwa kamba ili lisimwagike. Mteja akipenda cha kushoto, unakimbia stoo kumletea mwenzake. Miwani aliangalia ninavyofunga kamba akacheka. Mimi ni mwenye shoto, kwa hiyo fundo langu linazunguka kinyume na la watu wengine. Akajaribu kuliiga, likamshinda. Nikamwambia afunge lake, mradi lishike.

Alhamisi, 22 Novemba

Viatu, viatu, viatu. Magoti yanauma.

Jumapili, 25 Novemba

Nimempigia wifi. Mwanangu yuko kwake tangu baba yake afariki. Wifi si mtu mbaya, ila maneno yake anayapima kama muuza dhahabu. Tulikubaliana siku nikipata kazi ya kudumu, mtoto anarudi kwangu. Sikubishana. Nilikuwa sina hata chumba wakati ule.

Leo kaniuliza swali lake la kila mwaka. "Wifi, umeajiriwa, au umeshikizwa?"

Nikasema nimeshikizwa. Akasema basi tuombe Mungu, na akampa mtoto simu. Binti yangu anaingia darasa la nne. Anazungumza na mimi kwa adabu mno, kama anavyozungumza na mgeni, na adabu hiyo inanichoma kuliko angekuwa na kiburi.

Jumamosi, 1 Desemba

Leo Subira kaniita ofisini akafunga mlango. Alisema mwenye duka, mama mmoja anayeonekana siku za mauzo makubwa tu, amemruhusu mwaka huu kubakiza mtu mmoja wa msimu. Mmoja.

"Ni wewe," akasema. "Lakini iwe siri yetu. Wenzako wakijua watalegea kazini. Na uwe macho yangu huko chini, nijue nani anachelewa, nani anakaa kaa."

Nilitoka nikiwa mwepesi. Kabla jioni haijafika nilikuwa nimeshamwambia kwamba Miwani anachelewa kurudi kutoka chakula. Ni kweli anachelewa. Sikusema uongo hata neno moja.

Jumatano, 5 Desemba

Redio ya keshia ilikuwa inazungumza asubuhi. Mtaalamu wa takwimu anasema ajira za madukani zimepanda tena mwisho huu wa mwaka, kama kawaida, na zitashuka mwezi wa pili, kama kawaida, na ukitazama mwaka mzima hali ni tulivu. Baba Pacha, mwenzetu wa upande wa sare, aliacha kukunja mashati akauliza tulivu kwa nani. Wa bluu wakacheka. Mimi sikucheka. Mimi ndiye ninayepanda, na mimi ndiye ninayeshuka, na huyo bwana akijumlisha kupanda kwangu na kushuka kwangu anapata utulivu. Ningempata ningemvua viatu vyote viwili nimrudishie kimoja.

Ijumaa, 7 Desemba

Miwani kapewa ufunguo wa stoo. Miwani! Msimu wa pili! Mimi nimeomba ufunguo ule miaka mitatu.

Jumatatu, 10 Desemba

Miwani kaitwa ofisini, mlango ukafungwa, na alipotoka alikuwa anafuta miwani yake kwa aproni huku anatabasamu peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimfundisha mwenyewe kupima mguu wa mtoto, kubonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, kumwambia mzazi mtoto anakua. Sasa anataka kukalia kiti changu.

Jumanne, 11 Desemba

Mvua imeanza. Wateja wanaingia na matope.

Alhamisi, 13 Desemba

Subira kanishika kwenye ngazi. "Nimesikia juzi ulichelewa." Ni kweli nilichelewa, basi lilikwama kwenye maji. Lakini aliyeniona nikiingia kwa mlango wa nyuma ni mtu mmoja tu, na mtu huyo anavaa miwani.

Usiku sikulala vizuri. Nilimpangia maneno ya kumwambia, nikayapangua, nikayapanga tena makali zaidi. Halafu nikajiuliza maneno yana faida gani. Dawa ya moto ni moto.

Jumamosi, 15 Desemba

Nimefanya.

Leo ilikuwa zamu yangu kubaki kufagia stoo. Miwani aliniachia ufunguo mwenyewe, na aliniambia "pole na kazi, dada". Nilipobaki peke yangu nilikwenda kwenye safu zake za wasichana. Nilifungua maboksi, nikatoa kiatu cha kulia cha namba thelathini na mbili nikakiweka kwenye boksi la thelathini na tatu, cha thelathini na tatu nikakihamishia thelathini na nne, hivyo hivyo mpaka mikono ikanuka ngozi mpya. Sikuzidisha sana. Tofauti ya namba moja mzazi mwenye haraka haioni. Mtoto ndiye atakayeiona, akishafika nyumbani.

Nilifunga kamba vizuri. Nilifagia. Nilirudi nyumbani kwenye mvua bila hata kujifunika na nikala nikashiba.

Jumanne, 18 Desemba

Wa kwanza amerudi. Mama mmoja mnene, kiatu kimoja mkono huu, kingine mkono huu, anauliza kama duka letu linauzia watoto wenye miguu miwili tofauti. Miwani aliomba radhi mpaka shingo ikalegea. Mimi nilikuwa nimeinama napima mguu wa kijana mmoja, na nilimpima kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika ili nisiinue uso, maana nilikuwa nacheka.

Jumatano, 19 Desemba

Watatu wamerudi.

Alhamisi, 20 Desemba

Sikuhesabu. Foleni ya warudishaji ilifika kwenye mabegi.

Ijumaa, 21 Desemba

Nimeandika mengi ya kijinga humu, lakini la leo naliandika polepole.

Subira alishuka mwenyewe asubuhi akamchukua Miwani mpaka stoo. Mimi nilikuwa nyuma ya rafu ya mwisho, natafuta buti. Hawakuniona. Alimfokea kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya kusaga meno. Alimuuliza kama anajua kusoma namba. Nilisubiri Miwani alie. Nilikuwa nimekuja msimu mzima kwa ajili ya dakika ile.

Miwani hakulia. Alisema, "Bosi, ulinihakikishia mwenyewe. Ulisema nafasi ni moja na ni yangu, na iwe siri yetu. Sasa kosa hili moja ndilo linafuta yote?"

Buti lilinitoka mkononi. Bahati mvua ilikuwa inapiga bati, hawakusikia.

Subira akamwambia asiwe na wasiwasi. Apange upya stoo yote, safu zake na hata za wengine, na subira yavuta heri.

Mchana nilimfuata Baba Pacha kwenye sare. Ni mtu mkimya, ana mapacha wachanga na macho ya mtu asiyelala. Nikamuuliza bila kuzunguka kama Subira amemwahidi kubaki. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema ameapishwa asiseme. Nikamwambia basi usiseme, nyamaza tu kama ni kweli. Akanyamaza.

Kwa hiyo sote watatu tuna siri moja na bwana mmoja. Nimemchongea Miwani, Miwani kanichongea mimi, na Baba Pacha sijui kamchongea nani, pengine sisi wote. Na huyu mtu amekaa juu anavuna kazi ya watu watatu wanaokimbia ili wasipitwe na wenzao. Miaka mitano! Nilikuwa nakimbizana na kivuli alichonitupia mwenyewe.

Nilipofika chumbani niliweka ndoo chini ya tundu la paa nikakaa kuisikiliza ikijaa. Hasira ile niliyokuwa nayo kwa Miwani haikuondoka. Ilihama tu, na ilipohamia ikanenepa.

Jumamosi, 22 Desemba

Nimewaambia wote wawili. Tulikaa nyuma ya duka, penye makasha matupu, tukala mihogo ya kukaanga kwenye karatasi moja. Miwani alivua miwani akaishika mapajani, na bila miwani uso wake ni wa mtu mdogo kabisa. Tuliambiana kila mmoja alivyoahidiwa. Maneno yalikuwa yale yale, hata kiganja begani.

Habari ya maboksi sikuisema. Ingesaidia nini?

Alhamisi, 27 Desemba

Mvua. Miwani yuko stoo asubuhi na jioni, anapanga. Kila nikiingia ananiinamia kidogo kwa salamu, anaendelea. Nampenda sasa, au tuseme simchukii, na mtu akishatoka kwenye chuki yangu huwa namwona kama ndugu.

Jumamosi, 29 Desemba

Nimepata wazo, na ni tamu kiasi kwamba nimelirudia kichwani njia nzima.

Jumamosi ijayo ndiyo siku kubwa kuliko zote. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Mji mzima utakuwa dukani, na mwenye duka atakuja kukaa pale karibu na keshia kama kawaida yake, na kofia yake. Saa nne asubuhi, watoto wote wakiwa wamekaa kwenye mabenchi na kiatu cha kushoto, tunamfuata Subira katikati ya duka. Tunapanga mstari. Halafu sisi ndio tunampa mkono. Mmoja mmoja, kwa adabu, asante bosi, tutaonana msimu ujao. Tunavua aproni tunatoka kwa mlango wa mbele. Wa bluu hawajaingia stoo miaka, hawajui viatu vya kulia vinakaaje. Acha wavitafute.

Baba Pacha aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta, na sijawahi kumwona akicheka. Anasema hata hivyo wiki mbili baadaye tungepewa mkono, bora tuutoe. Miwani aliuliza jambo moja tu. "Na wewe utatoka?"

Nikamwambia mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kwenye mstari. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwangu limeumia miaka mitano.

Jumanne, 1 Januari

Tumefanya kazi kutwa. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 3 Januari

Namwangalia Subira anavyopita katikati ya rafu akigusa vitu, na ninaona tamu ulimini. Kesho kutwa, baba. Kesho kutwa.

Ijumaa, 4 Januari

Sijui nianzie wapi.

Subira kaniita ofisini. Mlango haukufungwa safari hii, na mwenye duka mwenyewe alikuwa amekaa pale, kofia mapajani. Yule mama alisema ameona mauzo ya viatu vya wavulana, hakuna hata jozi moja iliyorudishwa, na upande wa wasichana ni aibu. Kwa hiyo ameamua. Aliweka aproni ya bluu mezani. Mpya, bado ina mikunjo. Nianze kesho.

Nikaishika. Nilitaka iwe uongo nipate kuendelea na hasira yangu, lakini ilikuwa kitambaa cha kweli.

Nafasi hii nimeipata kwa maboksi niliyochanganya. Nalijua hilo. Nilishukuru kwa magoti yote mawili.

Nilipotoka nilipita palipo na Baba Pacha akaniuliza walikuwa wanataka nini, nikasema habari za mauzo. Miwani alikuwa nyuma yake. Alikuwa na ufunguo wa stoo mkononi.

Nikampigia wifi kabla hata sijavua viatu. Nikasema, "Wifi, nimeajiriwa." Akasema hongera kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, yenye unyevu. Anamleta mtoto kesho moja kwa moja dukani na begi lake la nguo, na tumchukulie viatu vya shule hapo hapo.

Kesho. Saa nne.

Baba Pacha na Miwani wanaamini nitakuwa wa kwanza. Nimejiambia labda wataogopa. Nimejiambia labda mvua itanyesha watu wasije. Nimejiambia mambo mengi, na aproni ya bluu imetundikwa kwenye msumari inanisikiliza.

Jumamosi, 5 Januari

Mvua haikunyesha. Jua lilitoka tangu asubuhi, na watu wakaja mpaka mlango ukawa haufungiki.

Niliivaa bluu, na Subira akaniweka mlangoni kupokea wateja, kwa hiyo stoo sikuingia asubuhi yote. Baba Pacha aliiona kutoka mbali akasimama na mashati mkononi. Nilikwenda nikamwambia nimelazimishwa, nitaivua pale pale mstarini, itamuuma Subira zaidi. Aliniamini, maskini. Au alitaka kuniamini. Miwani aliitazama aproni, akanitazama mimi, akaendelea kumpimia mtoto.

Wifi aliingia saa nne inakaribia. Binti yangu kakua. Shingo yake ni ya baba yake kabisa. Nilimkalisha kwenye benchi nikampima mwenyewe, nikashika kisigino chake mkononi, na ni mara ya kwanza tangu mwaka juzi kukishika. Thelathini na tatu. Nilimvalisha cha kushoto kutoka kwenye rafu, nikabonyeza ncha. Akasema, "Kimenienea, mama." Hakusema kwa adabu. Alisema tu kama mtoto.

Subira akatokea. Aliweka kiganja chake begani pangu, mbele ya wifi yangu. "Huyu sasa ni wetu wa kudumu," akamwambia. "Nilimwambia miaka yote. Subira yavuta heri." Wifi akaitikia kwa kichwa kama aliyesikia Maandiko. Nilitamani kukiuma kiganja kile. Sikukiuma.

Saa ya ukutani ikafika.

Baba Pacha alitoka nyuma ya sare. Wenzetu wengine wa chungwa, wa mabegi na wa madaftari, ambao sikujua kama ameshawaambia, wakaacha wateja wao wakaja. Walijipanga mstari katikati ya duka, mbele ya mwenye duka, mbele ya foleni yote. Duka likapungua kelele. Baba Pacha akageuza kichwa kunitafuta. Nafasi ya mbele walikuwa wameiacha wazi. Yangu.

Nilikuwa nimepiga goti, mguu wa mwanangu uko mkononi. Nikainama kuifunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Baba Pacha akapiga hatua, akajaza nafasi ile. Akamshika Subira mkono. "Asante, bosi. Tutaonana msimu ujao." Akavua aproni akaiweka sakafuni. Akaja wa pili, wa tatu. Subira mwanzo alicheka, akidhani ni mzaha, halafu akaelewa, na rangi ya uso ikamtoka. Alisema kwa sauti ya kuomba, "Msinifanyie hivi. Na mimi mkataba wangu wanautazama mwezi wa pili." Mtu mmoja kwenye mstari, sikumwona nani, akamjibu, "Subira yavuta heri." Wateja wakacheka. Ilikuwa ile ile niliyoiota, neno kwa neno, na mimi nilikuwa naitazama kutoka chini, kwenye magoti, nimevaa nguo ya upande wake.

Miwani alikuwa wa mwisho. Alimpa Subira mkono haraka, kama anayelipa nauli. Halafu hakwenda mlangoni. Alikuja kwenye benchi letu. Alimsalimu wifi, alimsalimu mtoto, akasema ni mzuri, kafanana na mimi. Kisha akaninyooshea mkono.

Watu wote wa duka wanajua maana ya mkono ule. Nilibaki nimepiga goti. Sikuweza kuukataa mbele ya mwanangu, nikaupokea.

"Yale maboksi yangu uliyafunga kwa fundo lako," akasema taratibu. "Nililiona siku ya kwanza. Nilingoja uniambie, hata pale kwenye mihogo. Basi jana jioni, nilipobaki kupanga stoo, safu zako nazo nimezipanga. Kama ulivyozipanga zangu."

Akaniachia mkono, akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka benchini pembeni ya binti yangu, akatoka.

Siyaandiki yaliyofuata nikiwa na akili timamu, lakini ni hivi. Duka zima lilipiga kelele kutaka kiatu cha pili. Nilikimbia stoo. Boksi la thelathini na tatu lilikuwa na kiatu cha thelathini. La wavulana lilikuwa na cha wasichana. Nilifungua moja baada ya jingine, na kila fundo lilizunguka kinyume, la shoto, safi kabisa. Alikuwa amejifunza hatimaye. Nikajisikia nikilia kwa sauti katikati ya viatu vyote vya mguu mmoja. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Tulifunga kabla ya wakati. Mwenye duka alivaa kofia yake, akamwendea Subira aliyekuwa amekaa kwenye kasha, akamnyooshea mkono. Hivi hivi, bila mstari. Subira akasimama akaupokea. Miaka mitano nimengoja kuona hilo, na nilipoliona nilikuwa natafuta thelathini na tatu.

Kisha yule mama akanigeukia. Akasema nishike kazi yake kwa sasa. Kufikia Jumatatu niwe nimepata watu wengine wa chungwa, wa kumalizia msimu na kupanga stoo. Nikauliza niwaambie nini, maana kazi ni ya siku chache. Akasema nitajua cha kuwaambia, nimekaa hapa muda mrefu.

Jumapili, 6 Januari

Mwanangu amelala chumbani kwangu. Nilikaa kumtazama anavyolala. Hilo nimelipata, na sitalirudisha hata kwa nani.

Wifi aliondoka jana. Mlangoni aliniuliza yule dada wa miwani nilimkosea nini. Nikasema ni mambo ya kazini. Akasema haya.

Baba Pacha hapokei simu.

Jumatatu, 7 Januari

Nimemwamsha mapema, nimemvalisha sare. Kiatu cha kushoto ni thelathini na tatu. Cha kulia ni thelathini na mbili, ndicho cha karibu zaidi nilichokipata katika stoo nzima. Alisimama, akatembea mpaka mlangoni, akarudi anachechemea.

"Mama, hiki kinanibana."

Nilikuwa nahangaika na kufunga aproni, nimeshachelewa, watu wapya wa chungwa watakuwa wananingoja mlango wa nyuma. Nikamwekea kiganja begani, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Vumilia kidogo, mwanangu. Subira..."

Nikanyamaza. Lakini walishamfundisha shuleni, na ni mtoto mwenye akili, hapendi kitu kiachwe nusu.

"Yavuta heri," akamalizia, na akatoka anachechemea.